Sentimita 30 za Korido

Kabati la kwanza la korido nililotengeneza lilidumu miezi mitano. Korido ya mteja ilikuwa na upana wa sentimita 120, nami nikampigia kabati lenye kina cha sentimita 45, kutoka sakafuni hadi darini, limeshikana na ukuta kama jino na ufizi. Zikabaki sentimita 75, watu wakawa wanapita bila taabu. Friji mpya ilipoletwa ndipo mambo yalipoharibika: ilifika mlango wa jiko ikashindwa kukata kona. Kabati likavunjwa kwa nyundo, maana halikuwa na namna nyingine ya kutoka.

Tangu hapo korido naiwekea makabati ya vipande tu. Ni masanduku madogo, kila moja limekamilika lenyewe, yanayopangwa juu kwa juu na ubavu kwa ubavu, kisha yakafungwa pamoja kwa skrubu. Ukitaka kuongeza, unaongeza sanduku. Ukihama nyumba ya kupanga, unafungua skrubu na kuondoka nayo. Na kikija kitu kikubwa cha kupitisha, iwe sofa, godoro la sita kwa sita au jeneza (tusijifanye nyumba zetu hazifikwi na msiba), safu moja inaondolewa mchana na kurudishwa jioni.

Kinachoamua kila kitu ni kina. Mtu mzima aliyebeba ndoo anahitaji kama sentimita 90 ili apite bila kugonga kiwiko. Kwenye korido ya 120 unabakiwa na 30, na 30 hizo zinatosha viatu vya watu wengi kulala kwa urefu wake. Bahati ya pili iko kwenye ubao wenyewe. Bodi za kiwandani huuzwa kwa milimita 1220 kwa 2440, yaani futi 4 kwa 8. Ukiipasua bodi kwa sentimita 30 unapata mikanda minne, hata ukihesabu kinacholiwa na msumeno, na mkanda mmoja unatosha fremu ya sanduku lenye upana wa sentimita 60 na kimo cha 40. Bodi moja, masanduku manne, ukiacha milango na migongo. Agiza kina cha 35 uone: bodi ile ile inatoa mikanda mitatu na kipande cha sentimita 16 hivi, ambacho utakilipia wewe na kitabaki kwa fundi.

Korido ikiwa chini ya mita moja, achana na 30. Tumia masanduku ya viatu yenye mlango unaoinamia mbele, ambamo kiatu husimama badala ya kulala. Kina cha sentimita 20 kinatosha.

Wajenzi wa Lamu walikutana na ubanifu huu kabla yetu. Dari zao zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti hairefuki kwa kuombwa, hivyo vyumba vilibaki vyembamba, mara nyingi chini ya mita tatu. Vyombo vya thamani wakavipangia zidaka, mashubaka yaliyofinyangwa kwa chokaa ukutani, safu juu ya safu, bila kula nafasi ya mtu kupita. Kuta zetu za tofali la inchi 5 au 6 haziwezi kuchimbwa namna hiyo, lakini mpangilio wao naufuata hadi leo: masanduku ya chini yana milango, na mawili au matatu yaliyo usawa wa macho yako wazi kwa ajili ya funguo, kitabu, chombo cha udongo. Milango yote naipaka rangi ya ukuta. Korido iliyojaa milango ya rangi ya mninga huonekana kama njia ya kuingilia mahakamani.

Adui mkubwa wa kabati la korido ni deki. MDF ni nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Ikinywa maji huvimba, na ikishavimba hairudi. Kwa nyumba inayopigwa deki kila asubuhi, safu ya chini haifai kugusa sakafu. Ama iinue kwa miguu ya plastiki ya sentimita 10, ama itundike ukutani kabisa ili tambara lipite chini yake. Safu hiyo pia itengenezwe kwa plaiwudi ya marine hata kama za juu ni MDF, na kila ukingo uliokatwa ufungwe kwa ukanda wake. Fundi atakayekuambia kingo za nyuma hazihitaji kwa sababu hazionekani, mwambie maji hayana macho.

Pwani kuna jambo la ziada, ukungu. Viatu vilivyofungiwa na jasho la kutwa ndani ya sanduku lisilopumua vitaota ukungu masika yakianza. Milango ya luva, au matundu machache mgongoni na upenyo wa sentimita mbili kutoka ukutani, hutatua hilo kwa gharama ndogo sana.

Kuhusu kufunga ukutani sina mjadala na mteja. Mwaka 2016 kampuni ya samani ya IKEA iliita zirudishwe kabati za droo zipatazo milioni 29 nchini Marekani baada ya baadhi yake kuwaangukia watoto na kuwaua. Mtoto wa miaka miwili akiona droo iliyo wazi anaona ngazi. Toboa tofali lenyewe, si plasta peke yake, weka fisha, kaza kila safu. Na kama swichi kuu ya umeme iko koridoni, sanduku la mbele yake liwe na mlango mwepesi, lisiwe na mgongo wala rafu, wala lisiwekwe kitu ndani.

Kabla hujamlipa fundi malipo ya awali, fungua milango yote ya vyumba inayofungukia koridoni, kisha upime.