Kutengeneza Injini ya Lori Iliyochakaa kwa Fedha Kidogo

Mwenye lori moja hulitegemea lori hilo kwa chakula cha nyumbani na karo ya watoto. Basi injini yake ya dizeli inapokosa nguvu mlimani na kuanza kula oili, hushikwa na hofu, na mara nyingi hulikubali shauri la mtu wa kwanza amwambiaye anunue injini nyingine. Huenda shauri hilo likawa jema, lakini lisifuatwe kabla injini haijapimwa.

Kwanza utazamwe moshi. Moshi wa samawati waonyesha kwamba oili inaungua ndani ya silinda. Moshi mweusi maana yake dizeli imezidi au hewa haitoshi. Huenda dawa yake ikawa chujio jipya la hewa au kutengeneza nozeli tu. Moshi mweupe usiokoma injini ikiisha kupata moto huweza kuwa ni dizeli isiyoungua, au maji yanayopita katika gasketi iliyoharibika. Kisha fundi apime kompresheni, yaani nguvu ya kushindilia hewa, katika kila silinda, ili ijulikane ni ipi iliyo dhaifu.

Injini ikifunguliwa, kila silinda ipimwe juu, katikati na chini, kwa maana hulika zaidi juu, pale ringi zinapogeukia. Ikiwa haijapita kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha watengenezaji, ringi mpya na kuparuza silinda kidogo huweza kutosha. Ikiwa imepita, ringi peke yake ni fedha za kutupa, maana ringi ya mviringo haiwezi kuziba tundu lisilo mviringo. Hapo hapana budi kuchonga silinda na kutia pistoni kubwa zaidi, au kubadili laina kwa injini zilizo nazo.

Yako mahali pa kuokoa fedha. Valvu zisizoungua wala kupinda husagwa na kutumiwa tena. Mimina mafuta ya taa juu yake, na yasipovuja zimekaa sawa. Lakini usibane fedha katika gasketi ya hedi, beringi, oili na chujio lake. Gasketi kuukuu ikivuja, kazi yote huanza upya. Vifuniko vya konrodi navyo vitiwe alama, kila kimoja kirudi mahali pake.

Kazi ikiisha, safari za kwanza zisiwe za mzigo mzito, na oili ya kwanza imwagwe mapema, kwa kuwa huchukua unga wa chuma. Chujio la hewa litunzwe daima, kwa maana katika barabara za udongo vumbi ndilo lilalo silinda.

Tena vipimo vyote, bei na tarehe viandikwe kitabuni. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.