Dona, sembe na wanga wa mahindi

Dona ni unga wa mahindi yaliyosagwa bila kukobolewa; sembe ni unga wa mahindi yaliyokobolewa, yaani yaliyoondolewa ganda na kiini. Wanga wa mahindi ni kitu kingine: hutolewa ndani ya punje, nao hutumiwa kuupa mchuzi uzito.

Mfasiri wa mapishi na ajihadhari. Katika Kiingereza cha Uingereza, neno ambalo kwa sura lamaanisha “unga wa mahindi” hutaja wanga huo. Akiandika “unga” tu, mpishi atatia sembe, na mchuzi utakuwa na chengachenga.

Vitenzi navyo hutofautiana: uji hukorogwa, ugali husongwa.

Mfano: Alikoroga uji wa dona asubuhi, jioni akasonga ugali wa sembe.