Je, Wajua? Chakula cha kulipia kwenye meli za kitalii

Je, wajua kwamba kwenye meli nyingi za kitalii abiria anaweza kulipia chakula kimoja cha jioni mara mbili? Nauli ya safari imeshabeba milo yote: ukumbi mkuu wenye wahudumu na vitambaa vyeupe mezani, bafe ya sitaha ya juu, na vibanda vya piza. Ndani ya meli hiyohiyo kuna migahawa midogo ya steki, ya Kijapani, ya Kiitaliano au ya Kifaransa, ambayo ina bei yake. Ukienda kula huko, kiti chako ukumbini kinabaki kitupu na hurudishiwi hata senti. Wengi hulinganisha bei hiyo na ya hoteli kubwa ya mjini, kisha wakaiona nafuu. Ulinganisho huo unawapotosha. Steki ya dola 60 ilinganishwe na ile ambayo ungeletewa bila kulipa, ghorofa mbili chini, usiku uleule.

Je, wajua kwamba mwaka 1912 abiria wa namna hii alipunguziwa nauli? Titanic ilikuwa na mgahawa wa kulipia kwenye sitaha B, kwa abiria wa daraja la kwanza tu, ukiendeshwa na Mwitaliano Luigi Gatti. Aliyeamua tangu mwanzo kwamba atakula huko safari nzima alikatiwa pauni 3 hadi 5 kwenye tiketi yake. Ilikuwa hesabu ya haki: huli ukumbini, basi hulipii ukumbi. Jioni ya tarehe 14 Aprili, saa chache kabla meli haijagonga mwamba wa barafu, familia ya Widener kutoka Philadelphia ilimwandalia Kapteni Edward Smith karamu humohumo. Gatti alikufa maji pamoja na karibu wafanyakazi wake wote. Kati ya wafanyakazi hao wapatao 70, waliookoka walikuwa watatu.

Wazo lenyewe la mgahawa wa kulipia lilishika kasi mapema zaidi, kwa Wajerumani. Meli iitwayo Amerika, ya kampuni ya Hamburg-Amerika, ilianza safari mwaka 1905 ikiwa na mgahawa wa Ritz-Carlton, kazi ya César Ritz, bingwa wa mahoteli, na mpishi Mfaransa Auguste Escoffier. Mkuu wa kampuni hiyo, Albert Ballin, alitaka matajiri wale saa wanayotaka na wachague wanachotaka. Mwaka 1936 Queen Mary ya Waingereza nayo ikaja na Verandah Grill yake, ambako abiria alilipa juu ya nauli.

Je, wajua ni fedha kiasi gani hukusanywa baada ya tiketi kuuzwa? Mwaka 2023 kundi la Royal Caribbean lilipata mapato ya dola bilioni 13.9. Bilioni 4.3 kati ya hizo zilitokana na manunuzi ya melini na mengineyo: vinywaji, kasino, matembezi ya bandarini, intaneti, na migahawa hii. Kwa Carnival Corporation, mwaka huohuo, zilikuwa dola bilioni 7.5 katika bilioni 21.6. Karibu theluthi ya mapato, basi, hutoka nje ya tiketi. Ndiyo sababu siku ya kupanda meli, begi lako halijafika chumbani, tayari yupo mtu mwenye menyu mkononi anayekuuliza utakula wapi kesho.

Bei iliyoandikwa siyo bei utakayolipa. Royal Caribbean huongeza asilimia 18 ya huduma juu ya chakula cha kulipia, kampuni ya Norwegian asilimia 20. Tuseme bei ni dola 60: ukiongeza asilimia 20 inakuwa 72, na kwa wawili ni 144, kabla hamjaagiza hata soda. Hapo bado hatujataja bakshishi ya kila siku, ambayo kwenye kampuni kubwa za Marekani imekuwa kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu, na ambayo tayari inamhesabu mhudumu wa ukumbini uliyemwacha.

Na ile ofa ya "bure"? Kwa miaka mingi Norwegian imekuwa ikiwavutia abiria kwa kifurushi kinachowapa milo kadhaa katika migahawa maalumu bila malipo. Asilimia 20 ya huduma juu ya milo hiyo hutozwa vilevile. Soma mstari wa mwisho wa bili kabla hujashukuru.

Je, wajua tofauti halisi iko wapi? Iko jikoni, na hapa inafaa tutulie kidogo. Ukumbi mkuu wa meli kubwa hulisha maelfu ya watu kwa jioni moja, mara nyingi kwa zamu mbili, ya mapema na ya saa mbili au mbili na nusu usiku. Hakuna jiko linaloweza kuanza kuchoma steki elfu moja kila moja kwa wakati wake. Kwa hiyo nyama hupigwa moto juu juu mapema, hupangwa kwenye trei, kisha humaliziwa ovenini zamu ikianza. Mhudumu hupokea sahani zilizofunikwa, huzipanga juu ya sinia kubwa, hulibeba begani na kutoka nalo hadi mezani. Wakati wote huo steki inaendelea kuiva chini ya kifuniko chake. Uliomba iwe nyekundu katikati, inafika kijivu. Mpishi hakukosea, na mhudumu pia hakukosea. Kazi yenyewe ndivyo ilivyo.

Mgahawa wa kulipia una watu wachache na jiko lake liko karibu. Mpishi hagusi nyama mpaka oda yako imemfikia. Hilo ndilo unalolinunua: dakika chache kati ya moto na mdomo. Steki, samaki wa kuchoma, suflee na kamba wa kukaanga hubadilika kabisa vikipikwa hivyo.

Lakini supu? Mchuzi wa nyanya wa Kiitaliano? Nyama iliyochemka kwa saa nne? Vyakula vya namna hii havipotezi kitu kwa kupikwa vingi, na vingine hunoga zaidi, kama pilau la sufuria kubwa la harusini. Ndiyo maana kwa maoni yangu mgahawa wa Kiitaliano ndio wa kwanza kurukwa na wa steki ndio wa kwanza kufikiriwa. Tambi ya ukumbini, ikitoka moto, haiko mbali na ile ya kulipia.

Je, wajua kwamba kwenye Carnival na Royal Caribbean unaweza kupata chakula cha Kihindi ukumbini bila kulipa zaidi? Wapishi wengi wa meli hizi wanatoka India, na sahani za dengu, mboga na mchuzi wa viungo wanazozipika huwa na ladha iliyokomaa kuliko vingi vilivyo kwenye menyu. Mwambie mkuu wa wahudumu usiku mmoja kabla. Kwa aliyekulia pwani ya Afrika Mashariki, hicho ni chakula cha karibu na nyumbani.

Kulipa zaidi hakukuhakikishii nyama halali. Mgahawa wa steki unaweza kuwa na nyama isiyochinjwa Kiislamu na mchuzi uliotiwa divai, kwa bei yoyote ile. Anayejali awasiliane na kampuni kabla ya safari, kwa kuwa maombi ya vyakula maalumu huhitaji muda. Tangu Desemba 2024 kuna AROYA, kampuni ya Saudi Arabia iliyoanza kwa safari za kutoka Jeddah, bila pombe na kwa chakula halali meli nzima.

Usafi nao haununuliwi. Meli zinazobeba abiria 13 au zaidi katika safari za kimataifa na kuingia bandari za Marekani hukaguliwa kwa ghafla na mamlaka ya afya ya nchi hiyo, CDC. Alama kamili ni 100, na meli ikipata 85 au chini imefeli. Alama hutolewa kwa meli nzima, jiko la wafanyakazi na la steki ya dola 60 yakiwa ndani ya hesabu moja, na kila mtu anaweza kuyasoma matokeo.

Je, wajua kwamba zipo meli ambako swali la kulipia mgahawa halina nafasi? Virgin Voyages, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2021 na isiyopokea mtu wa chini ya miaka 18, haina ukumbi mkuu wala bafe. Ina migahawa na sehemu za kulia zaidi ya 20, zote zimo kwenye nauli. Viking kwenye meli zake za baharini haitozi Manfredi's wala The Chef's Table. Oceania, ambayo mpishi mashuhuri Jacques Pépin alihusika nayo tangu ilipoanza, huingiza migahawa yake maalumu kwenye tiketi. Nauli za Viking na Oceania ni za juu, kwa hiyo mwenye nia ya kula nje ya ukumbi kila usiku ajumlishe kwanza nauli ya meli ya bei ndogo na bili za migahawa yake. Pengo huwa dogo kuliko watu wanavyodhani.

Kwa kampuni ya Cunard, mahali pa kula hufuata chumba ulicholala: waliochukua vyumba vya juu kabisa hula Queens Grill, wanaofuata Princess Grill, wengine Britannia. Kampuni ya Celebrity imetenga mgahawa wa Luminae kwa wenye vyumba vikubwa vya kifahari.

Wakati mwingine unalipia onyesho. Kwenye meli za Celebrity kuna Le Petit Chef: picha ya mpishi mdogo kama kidole inarushwa kutoka darini, anatembea juu ya sahani yako tupu na "kupika" chakula, kisha mhudumu analeta kile halisi. Kwenye Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024 na yenye uwezo wa kuchukua abiria 7,600, mgahawa wa Empire Supper Club huandaa chakula cha hatua nane huku bendi ya jazi ikipiga, kwa zaidi ya dola 100 kwa mtu. Anayependa usiku wa namna hiyo atauona una thamani yake, lakini aulinganishe na tiketi ya tamasha.

Watoto hubadilisha hesabu yote. Chakula cha mgahawa maalumu huenda kwa saa mbili, na mtoto aliyekwisha kushiba anahesabu dakika. Mgahawa wa Palo kwenye meli za Disney hauwapokei kabisa walio chini ya miaka 18. Badala yake, Disney ina utaratibu mzuri uliomo kwenye nauli: familia huhamishwa kila jioni kutoka ukumbi mmoja hadi mwingine, na wahudumu walewale huhama nayo, wakijua tayari ni mtoto yupi hali nyanya.

Je, wajua kwamba meli zenye migahawa hii hufika hadi kwetu? Norwegian Dawn, yenye Cagney's ya steki na Le Bistro ya Kifaransa, imewahi kuingia Mombasa na Dar es Salaam. Vijana wa Kenya nao wameajiriwa kuhudumia abiria kwenye meli za MSC. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 unaziachia nchi zichague: kazi isizidi saa 14 kwa siku wala 72 kwa wiki, au mapumziko yasipungue saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Hivyo ndivyo vikomo vya mtu anayekuletea mkate asubuhi na kukumiminia kahawa usiku. Ukitaka kutumia dola 20 vizuri, mpe mkononi.

Ukiamua kulipa, lipa mlo mmoja mmoja. Vifurushi vya kula bila kikomo hukufunga: kila jioni uko mezani kwa saa mbili, hata siku ambayo mmerudi kutoka bandarini mmechoka na mnataka kipande cha piza tu. Kwenye safari ya siku tatu au nne sioni sababu ya kulipa kabisa, maana hata menyu ya ukumbi hujaimaliza. Kwa wawili walio kwenye safari ya wiki na kumbukumbu ya ndoa yao, jioni moja tulivu ya steki nawashauri waichukue bila kusita.

Usiku wa kwanza migahawa hii huwa na nafasi nyingi, na baadhi ya meli hushusha bei ili ijae. Siku ambazo meli iko baharini kutwa, baadhi hufungua mchana kwa jiko lilelile na bei ndogo zaidi. Kabla ya kuweka nafasi, muulize mhudumu wa ukumbini usiku wa mavazi rasmi ni upi, kwa sababu kwenye meli kadhaa ndio usiku wa kamba koche, na koche wa kwanza huletwa bila malipo. Wengi hukosa sahani hiyo kwa kuwa wamekwenda kulipia nyingine.

Na kama steki ya ukumbini imefika kijivu, irudishe, utaletewa nyingine. Au agiza samaki pamoja nayo. Kwa Carnival, sahani kuu ya kwanza na ya pili zimo kwenye nauli; kuanzia ya tatu ndipo hutozwa dola 5.