Kosa la Mpanda Farasi Mashindanoni: Adhabu, Fidia au Msamaha?

Baadhi ya wanafunzi wa madrasa za Mbagala na Tegeta wametuuliza: mpanda farasi akikosea katika mashindano, sheria inamwadhibu vipi? Farasi katika jiji la Dar es Salaam ni wachache, ni kweli. Lakini Lamu punda hushindanishwa kando ya bahari katika siku za Maulidi, Nairobi upo uwanja wa Ngong, na ndugu zetu walioko Oman na nchi nyingine za Ghuba wanaishi na mbio za ngamia na farasi. Tena vijana wetu wa bodaboda, kama itakavyobainika, wamo ndani ya mlango huu huu wa fiqhi.

Asili ya mashindano haya ni halali. Abdullah bin Umar (r.a.) ameeleza, na hadithi yake imo katika Bukhari na Muslim, kuwa Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi walioandaliwa kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul Wadaa, masafa ya maili 5 au 6, na wasioandaliwa kutoka hapo hadi msikiti wa Banu Zurayq, kiasi cha maili 1. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliopanda. Ama watazamaji kuwekeana dau, hiyo ni kamari, na hatuna haja ya kurefusha.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe. Imran bin Husayn (r.a.) amepokea katazo la jalab na janab, nalo limo katika Sunan ya Abu Dawud. Katika mlango wa mashindano, maulamaa wamefafanua kuwa jalab ni mpandaji kumweka mtu nyuma ya farasi wake ampigie kelele azidishe mbio. Janab ni kwenda na farasi wa pili ubavuni, wa kwanza akichoka arukie wa pili. Yote mawili ni hila ya makusudi. Hayakuwekewa hadd, kwa hiyo adhabu yake ni taazir, nayo iko mikononi mwa mwenye mamlaka: kukemea, kumnyima zawadi, kumzuia asipande kwa muda. Kumtoza faini kuna khitilafu. Jamhuri ya wanazuoni hawakuikubali adhabu ya mali, naye Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibnul Qayyim wameijuzisha. Sisi tunaona kumfungia mpandaji ni salama zaidi, kwani faini ina njia nyingi za kuishia mifukoni mwa watu.

Lakini vipi asiyekusudia? Mwezi Desemba 2005, huko Leopardstown, Ayalandi, mpandaji Roger Loughran akiwa juu ya farasi aitwaye Central House alidhani amefika kikomo. Akasimama juu ya tandiko akishangilia, kumbe mstari wa mwisho ulikuwa bado mbele. Wenzake wakampita, akawa wa tatu. Waamuzi walimfungia siku 14. Wengi walimwonea huruma, wengine walikasirika kwa sababu ya fedha zao walizoweka.

Tulipime hili kwa mizani ya fiqhi. Hasira ya waliocheza kamari haina uzito, maana dau lao ni batili tangu mwanzo na hakuna fidia ya batili. Mwenye farasi naye amekosa zawadi ambayo ilikuwa bado haijawa milki yake, na kwa asili wanazuoni hawadhamanishi faida iliyotarajiwa. Linabaki swali moja: je, alizembea? Mpandaji wa kuajiriwa ni mwaminiwa, hadhamini ila kwa kuvuka mpaka au kwa uzembe. Ikiwa alipuuza kuukagua uwanja kabla ya kupanda, huo ni uzembe na taazir nyepesi ina mahali pake. Ikiwa alitimiza wajibu wake kisha macho yakamdanganya, basi hilo ni kosa ambalo Qur'ani (33:5) imeliondolea dhambi, na adhabu haina pa kusimama.

Mtoto ni mlango mwingine. Kwa miaka mingi watoto kutoka Pakistan, Bangladesh, Sudan na Mauritania walipandishwa ngamia wa mbio katika nchi za Ghuba, mpaka Falme za Kiarabu zilipopiga marufuku mwaka 2005 wapandaji walio chini ya miaka 18, na mashine ndogo zikachukua nafasi yao. Jamhuri wanahesabu hata kusudi la mtoto kuwa ni kukosea. Kwa hiyo anayestahiki kuadhibiwa ni yule aliyempandisha.

Ama mpandaji akimdhuru mtu, hapo kutokusudia kunaondoa dhambi wala hakuondoi dhamana. Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu kinachosomeshwa mwambao mzima, ameweka kuwa aliye na mnyama anadhamini anachoharibu mnyama huyo, nafsi au mali, usiku au mchana. Wahanafi wamevua teke la nyuma, kwa kuwa mpandaji hawezi kulizuia. Na mtu baki akimchoma mnyama bila idhini ya mpandaji, dhamana humwangukia aliyechoma. Wapandaji wawili wakigongana bila kukusudia wakafa, aqila wa kila mmoja hubeba nusu ya diya ya mwenzake.

Hukumu hii ya mwisho ndiyo inayowahusu bodaboda wa Temeke na Kinondoni. Pikipiki haina hata akili ya mnyama ya kusingiziwa. Wawili wakigongana na abiria akafa, diya yake iko kwa pande zote mbili. Tunachokiona barabarani ni kinyume: ajali ikitokea, wenzake wa kijiweni hukusanyika na kumpiga dereva wa gari kabla haijajulikana nani aliyekosea. Taazir si ya kundi la watu, ni ya mwenye mamlaka, na anayempiga asiye na hatia naye anadhamini jeraha lake.

Wahanafi wana kauli ambayo tungependa vijiwe viisikie. Wamesema watu ambao kusaidiana kwao ni kwa kazi wanayoifanya, aqila wao ni wenzao wa kazi hiyo. Kwa kauli hiyo, kijiwe kizima ndicho kinachochangia diya ya aliyeuawa kwa kukosea na mmoja wao, katika muda wa miaka 3, na kafara ya saumu ya miezi miwili mfululizo hubaki juu ya aliyeua peke yake.