Masika, Vuli na "Mvua Ndefu": Majina ya Mvua na Mavuno ya Mkulima wa Kenya

Taarifa ya hali ya hewa ambayo mkulima wa Kenya huisikia kwa Kiswahili hutoka Dagoretti Corner, kandokando ya Barabara ya Ngong, yaliko makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa. Kwa miaka mingi imesomwa redioni katika Jumba la Utangazaji, Barabara ya Harry Thuku, hatua chache kutoka kwenye madarasa ya Chuo Kikuu cha Nairobi ambamo lugha iyo hiyo hufundishwa na kuchambuliwa. Mahali hapo pawili pamo katika mji mmoja, lakini maneno yanayotoka hapo hufika Kitale, Kitui, Kilifi na Kinangop, kwa watu ambao udongo wao, mbegu zao na mvua zao hazifanani. Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno machache ya taarifa hiyo, hasa majina ya majira ya mvua, na kuonyesha jinsi jina lisilofaa linavyoweza kumfanya mtu apande mbegu isiyofaa kwa wakati usiofaa.

Yafaa kwanza tuieleze mvua yenyewe. Jua la utosini husafiri kaskazini na kusini ya ikweta kila mwaka, na ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana hulifuata nyuma kwa majuma kadhaa. Kwa kuwa Kenya imekatwa na ikweta, ukanda huo huipitia mara mbili: Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba. Hii ndiyo sababu Nairobi na nchi ya kati, Ukambani na pwani huwa na misimu miwili. Upande wa magharibi mambo ni mengine. Huko hewa yenye unyevu itokayo bonde la Kongo na Ziwa Viktoria huiendeleza mvua hata Juni, Julai na Agosti. Kwa hiyo Trans Nzoia na Uasin Gishu huwa na msimu mmoja wa kilimo, unaoanza Machi au Aprili na kuishia karibu na Oktoba. Mahindi ya huko huvunwa kuanzia Oktoba mpaka Desemba, yaani miezi ile ile ambayo mkulima wa Kitui ndiyo kwanza anapanda.

Sasa tuyatazame majina. Katika Kiswahili cha Nairobi, mvua ya Machi hadi Mei huitwa aghalabu "mvua ndefu", na ile ya Oktoba hadi Desemba "mvua fupi". Haya si majina yaliyozaliwa katika Kiswahili. Ni tafsiri ya neno kwa neno ya istilahi za Kiingereza walizozitumia maafisa wa kikoloni, na ambazo ziliendelea kutumika katika idara ya pamoja ya Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na baadaye katika idara ya Kenya. Mswahili wa pwani akiachiwa lugha yake hasemi kwamba mvua ni ndefu; husema ni kubwa, ni nyingi, imeshika, au haikatiki. Sifa ya -refu humfanya msikilizaji afikirie muda, na hapo ndipo kosa linapoanza, kwa sababu misimu yote miwili huchukua miezi mitatu hivi. Kinachotofautiana ni wingi wa maji. Dagoretti hupata takribani milimita 1,000 kwa mwaka, na Aprili ndio mwezi unaozidi yote. Basi mtu aliyeketi Nairobi aliona sawa kuipa mvua hiyo cheo cha ukubwa.

Lakini cheo hicho hakifai Kitui wala Makueni wala sehemu za chini za Machakos. Huko mvua ya kutegemewa ni ile ya Oktoba hadi Desemba, na mavuno yake, ya Januari na Februari, ndiyo yanayojaza ghala. Mvua ya Machi hadi Mei huja ikitaka, na mara nyingi hukatika kabla mahindi hayajatoa mbelewele. Kwa hiyo mkulima wa huko huambiwa na redio kila mwaka kwamba mvua yake kubwa ni "fupi", na ile inayomhadaa ni "ndefu". Isitoshe, wachunguzi wa tabianchi wameonyesha kwamba toka katikati ya miaka ya 1980 hata karibu na mwaka 2010 mvua ya Machi hadi Mei katika Afrika Mashariki ilipungua, hasa kwa kuchelewa kuanza na kuwahi kwisha. Mvua ndefu ilikuwa ikifupika, na jina lake likabaki vilevile.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuyarudia maneno ya asili, masika na vuli, na kwa kweli watangazaji wengi huyatumia. Ni maneno mazuri, lakini nayo yana kwao. Mwaka wa pwani umegawanywa na pepo, kaskazi na kusi, na masika ni mvua inayokuja kusi inapoanza kushika. Mjini Mombasa mwezi wa mvua nyingi kuliko yote ni Mei. Kwa mkulima wa Kabete, kungoja mpaka Mei ndipo apande ni kuitupa mbegu, maana mvua yake huwa karibu kwisha. Jirani za Waswahili, Wadigo, huiita mvua hiyo kubwa "mwaka", neno lile lile la miezi kumi na miwili, jambo linaloonyesha jinsi mvua moja ilivyokuwa kipimo cha wakati wote. Ukilihamisha neno "masika" kutoka huko hadi bara, unalihamisha pamoja na kalenda yake. Tena watafsiri wa vitabu wamelitumia neno "vuli" kwa majira ya Ulaya ambapo miti hupukutika majani, na mwanafunzi wa Nairobi aliyelijua hivyo darasani hana sababu ya kulihusisha na jembe.

Hapa inafaa kuwasikiliza watu wa upande wa magharibi wa mji wenyewe. Kabla reli haijafika Nairobi mwezi wa Mei 1899, vilima vya Dagoretti na Kabete vilikuwa mashamba ya Wakikuyu yaliyosifika kwa chakula. Waingereza walijenga ngome Dagoretti mwaka 1890 na nyingine Kabete mwaka uliofuata, na misafara ya kwenda Uganda ilinunua mahitaji yake hapo. Mvua ilipokosekana katika miaka ya 1898 na 1899, nchi hiyo hiyo ilipatwa na njaa kuu ambayo Wakikuyu waliiita Ng'aragu ya Ruraya, yaani njaa ya Ulaya, kwa kuwa iliandamana na kuja kwa wageni.

Wakulima hao hawakuzipa mvua zao majina ya urefu wala ya upepo. Waliziita kwa mimea. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha 1938 juu ya Wakikuyu, anaeleza mwaka uliogawanywa mara nne: mvua ya njahĩ, mavuno ya njahĩ, mvua ya mwere, mavuno ya mwere. Njahĩ ni jamii ya kunde nyeusi yenye ukingo mweupe; mwere ndio mawele yetu, na mwenye sikio la isimu atausikia mara moja ule uhusiano wa r ya Kikuyu na l ya Kiswahili. Msimu wenyewe wa kilimo huitwa kĩmera, kutokana na kitenzi mera, ambacho ni ndugu wa kumea. Kwa hiyo msimu, katika lugha hiyo, ni wakati wa kuota mimea. Jina "mbura ya njahĩ" lina ushauri ndani yake: mvua hii inatosha kwa mmea unaokawia shambani. Na "mbura ya mwere" lina ushauri wa aina nyingine: hii ni ya nafaka inayowahi kukomaa na kuvumilia ukame. Katika majina yote niliyoyapitia sijaona mengine yanayomfaa mkulima kuliko haya. Ubaya wake ni kwamba mimea huacha kulimwa. Leo mahindi na sukuma wiki vimeshika mashamba ya Uthiru na Kangemi, na ni vigumu kumpata kijana wa huko aliyewahi kuuona mwere, ingawa huenda bado akamsikia bibi yake akiitaja mvua yake.

Ushauri wa jinsi hiyo una thamani kubwa zaidi sasa, kwa sababu mbegu zenyewe zimetengwa kwa miezi. Mbegu chotara za kwanza za mahindi zilizotokana na kituo cha utafiti cha Kitale zilianza kupandwa na wakulima mwaka 1964, na zile za nyanda za juu huhitaji miezi sita au zaidi kukomaa. Mahindi ya Katumani, yaliyopewa jina la kituo kilicho karibu na mji wa Machakos, hukomaa kwa miezi mitatu hadi minne. Kabete iko katikati, na huhitaji mbegu ya katikati. Mtu wa Machakos akiambiwa "mvua ndefu inakuja", kisha akanunua mbegu ya miezi sita, atakuwa amelifuata neno kwa uaminifu, na atavuna mabua.

Ajabu zaidi ni kwamba sentensi moja inaweza kuwa habari njema na msiba kwa wakati mmoja. Tuseme redio imetangaza: "Mvua za vuli zitazidi wastani." Kitui watu watashangilia. Kitale, ambako mahindi yamekauka yakingoja kuvunwa, maneno hayo maana yake ni magunzi yanayooza na punje zinazoota zikiwa bado kwenye mmea. Mvua kubwa za El Niño zilizoanza Oktoba 1997, na mvua nyingi za mwaka 2019 na 2023, ziliwapata wakulima wa nchi moja wakiwa katika hatua mbili zilizopingana za kazi yao. Na unyevu usio mahali pake huua. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na sehemu za jirani, sumukuvu katika mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu iliwadhuru watu 317 waliorekodiwa, na 125 kati yao walifariki.

Wenzetu wa Tanzania wamelitatua jambo hili kwa sehemu. Mamlaka yao ya hali ya hewa huzungumzia Masika na Vuli kwa mikoa yenye mvua mara mbili, kisha hutumia "mvua za Msimu" kwa mikoa ya magharibi, kati na kusini inayopata mvua mara moja tu, toka Novemba hadi Aprili. Neno hilo ni la Kiarabu, mawsim, lililotangatanga na mabaharia mpaka likazipa lugha za Ulaya jina la pepo za Bahari ya Hindi. Katika Tanzania limepata maana finyu na yenye manufaa. Kenya haina neno rasmi la Kiswahili kwa mvua ya Trans Nzoia. Msimu wa huko hutiwa tu ndani ya "mvua ndefu", kisha Oktoba ukaitwa "mvua fupi", kana kwamba pana mgawanyiko ambao mkulima mwenyewe haujui.

Neno "wastani" nalo linahitaji kuangaliwa. Tangu mwaka 1998 wataalamu wa nchi za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika hukutana kabla ya msimu na kutoa utabiri wa pamoja, unaogawanya uwezekano katika mafungu matatu: mvua juu ya wastani, karibu na wastani, chini ya wastani. Wastani huo ni hesabu ya miaka 30 ya mahali hapo. Lakini katika Kiswahili cha kila siku "mvua ya wastani" ni mvua ya kadiri, isiyo nyingi wala haba. Msikilizaji wa Makueni husikia kwamba atapata ya kadiri, kumbe ameahidiwa kile kile kidogo alichozoea, ambacho pengine hakitoshi mahindi. Tena asilimia 45 ya uwezekano husikika kama asilimia 45 ya mvua. Katika ile misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua, toka mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, maneno "chini ya wastani" yalirudiwa mara nyingi hata yakakosa makali, na hayakusema kama upungufu ni wa siku kumi za kuchelewa au wa msimu mzima.

Si mvua pekee iliyo na upungufu wa majina. Mwezi wa Julai mawingu hukaa juu ya Kabete na Kawangware siku nzima, nyanya na viazi vikashikwa na ukungu, na bei zikapanda Marikiti. Wakulima husema mmea "umepigwa na baridi", na husema hivyo hivyo huko Kinangop pale umande ulioganda unapounguza viazi usiku mmoja. Ni madhara mawili yenye kinga mbili tofauti. Kamusi zina neno "jalidi" kwa hilo la pili. Sijui mkulima anayelitumia, na sidhani kulilazimisha kutafaa kitu.

Ninachopendekeza ni kidogo. Mvua itajwe kwa miezi yake na kwa kaunti, jambo linalowezekana kwa kuwa tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013 idara imekuwa na maafisa wa kaunti. Pale jina linapohitajika, litokane na kazi: mvua za kupandia, mvua za kukuzia, mvua za wakati wa mavuno. Hivyo mtangazaji angeweza kusema: "Trans Nzoia, huenda mvua ikanyesha sana Oktoba na Novemba, mahindi yaliyokauka yavunwe mapema na yaanikwe. Kitui, mvua za kupandia zinatazamiwa kuanza juma la kwanza la Novemba. Mbegu za miezi mitatu ziwe tayari." Nimeyasoma maneno hayo kwa sauti, saa mkononi. Hayakufika nusu dakika.