Sydney: Hesabu ya moli yaonyesha hatari ya mkaa ndani ya chumba

Majira ya baridi yanapoingia mjini Sydney, kati ya Juni na Agosti, idara ya afya ya jimbo la New South Wales huwaonya wakazi wasiwashe majiko ya mkaa ndani ya nyumba ili kujipasha joto. Onyo hilo linawagusa pia wahamiaji kutoka Afrika Mashariki, ambao wengi wao wamelelewa kando ya jiko la mkaa.

Hatari yenyewe haionekani wala hainuki. Hata hivyo, inaweza kukadiriwa kwa kanuni wanayofundishwa wanafunzi wa kemia katika shule za sekondari, nayo ni hesabu ya moli.

Moli ni nini?

Moli ni kipimo cha idadi, kama ilivyo dazani. Dazani moja ni vitu 12, ilhali moli moja ni chembe 602 zikifuatiwa na sufuri 21. Moli moja ya kaboni ina gramu 12.

Mwaka 1811, mwanasayansi wa Italia Amedeo Avogadro alitoa hoja kwamba gesi zenye ujazo sawa, katika joto na kanieneo sawa, huwa na idadi sawa ya molekuli. Kwa hiyo moli moja ya gesi, iwe oksijeni au haidrojeni, huchukua nafasi ileile kwa kadiri.

Wanafunzi wa Sydney hutumia lita 24.79 kwa moli, katika nyuzi joto 25 za Selsiasi na kanieneo ya kilopaskali 100. Wenzao wa Kenya wamezoea lita 24 katika joto la kawaida la chumba. Tofauti hiyo inatokana na viwango vya joto na kanieneo vilivyochaguliwa.

Chumba cha lita 30,000

Mkaa unapokosa hewa ya kutosha, moli 2 za kaboni huungana na moli 1 ya oksijeni na kutoa moli 2 za kaboni monoksaidi, ambayo ni gesi ya sumu. Yaani, kila moli ya kaboni hutoa moli moja ya gesi hiyo.

Chukua mfano wa gramu 120 za kaboni, sawa na moli 10. Ikiwa sehemu moja tu ya kumi itageuka kuwa sumu, itapatikana moli 1, yaani lita 24.79. Chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 kina lita 30,000 za hewa. Kikiwa kimefungwa, sumu itafikia takriban sehemu 826 katika kila sehemu milioni moja za hewa.

Wataalamu wanaeleza kuwa kiwango cha sehemu 800 huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu katika muda wa dakika 45, na kinaweza kuua kwa saa mbili hadi tatu. Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na aliyelala huenda asiamke.

Makaa yanayofifia bado hutoa sumu hiyo. Jiko la mkaa lisiingizwe ndani, na anayehisi dalili hizo atoke nje mara moja. Nchini Australia, nambari ya dharura ni 000.