Dari kabla ya makala: joto la usiku na jua la mchana nyumbani mwetu

Wiki hii tunaongea juu ya nyumba: namna ya kuipatia joto usiku na kuipoza mchana bila kumaliza franka za soko. Habari hii tulitaka kuiweka kwa mwezi wa jua kali, lakini jambo lililompata jirani yetu mmoja limetufanya tuiharakishe.

Mama huyo alikuwa na mtoto wa siku tisa. Mvua ilinyesha tangu saa kumi ya jioni, baridi ikaingia kupitia nafasi za mbao. Mama mkwe wake, kwa mapendo kabisa, akaleta mbabula ndani ya chumba cha mzazi. Makala yalikuwa yameiva, mekundu, hayatoi moshi tena. Wakafunga mlango, wakaziba dirisha kwa kipande cha shitingi, wakalala. Kama saa nane ya usiku mtoto mkubwa wa nyumba, aliyelala karibu na mlango, aliamka akitapika, akafungua ili atoke nje. Mlango ule ndio uliowaokoa. Mama hakuweza kusimama, ilibidi majirani wamtoe kwa kumbeba. Kichanga alikuwa amelegea kama kitambaa. Leo wote ni wazima, na mama ametuomba tuandike, ila bila jina lake.

Majirani wengine walisema ni sumu ya chakula, wengine walisema ni mtu mbaya. Ilikuwa mbabula.

Sisi wa upande huu tunajua mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ndani ya udongo wa volkano na kulala katika mashimo, hasa kandokando ya ziwa kule Goma, ikiua mbuzi na mara nyingine watu. Hewa ya makala ni nyingine. Mazuku ni nzito na inabaki chini, lakini hewa ya makala, wataalamu wanaiita monoksidi ya kaboni, inachanganyika na hewa yote ya chumba. Kwa hiyo kusogeza mbabula mbali na kitanda hakusaidii kitu, wala kulala juu ya kitanda kirefu. Haina harufu, haina rangi. Ikiingia mwilini inashikamana na damu kwa nguvu inayopita ile ya hewa nzuri zaidi ya mara 200, na damu inakosa nafasi ya kubeba hewa ya kutupatia uzima. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasikia kizunguzungu, kichefuchefu, miguu inakuwa mizito. Aliyelala hasikii lolote. Mtoto aliye tumboni anaumia kuliko mama yake anayembeba.

Na hapa ndipo wengi wetu tumedanganyika: tunangoja moshi uishe, ndipo tunaingiza mbabula. Moshi kuisha si hewa mbaya kuisha. Makala mekundu yasiyo na moshi yanaendelea kuitoa mpaka yawe majivu baridi. Hata mbabula ya kisasa yenye udongo ndani, ile inayopunguza matumizi ya makala na ambayo tunaisifu kila mara katika gazeti hili, haipewi ruhusa ya kulala na watu. Sufuria ya maharagi inayoachwa ichemke usiku kucha ndani ya nyumba, ni vilevile.

Ukikuta watu katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha, watoe nje mara moja hata kama mvua inanyesha, kisha uwapeleke hospitali, kwa sababu dawa yake ni oksijeni. Wale majirani walimnywesha mama maziwa. Maziwa hayaondoi hewa katika damu, na mtu aliyelegea anaweza kupaliwa nayo. Waambieni waganga kwamba kulikuwa mbabula ndani, maana bila neno hilo wanaweza kutibu malaria.

Sasa, kumwambia mama “usiingize mbabula” bila kumwonyesha joto lingine ni kumwacha na baridi yake. Ndiyo maana tulikaa na mafundi wawili wa mbao na tukauliza: kwa mtu mwenye pesa kidogo, nyumba inapata joto kwa njia gani?

Jibu lao lilitushangaza. Walisema tuangalie juu.

Rutshuru yetu ni ya pande mbili. Anayekaa Jomba, chini ya mlima Sabinyo, au Rugari, analala na blanketi mbili. Anayeshuka Nyamilima na Ishasha anatafuta kivuli tangu saa nne ya asubuhi. Goma, iliyo karibu mita 1,500 juu ya bahari, ina vyote: jua la mchana linachoma, usiku mbao zinapitisha upepo. Lakini karibu sote tuna paa moja, la mabati, na bati ni kitu chembamba sana. Mchana linachukua jua lote na kulimwaga juu ya vichwa vyetu. Usiku linafanya kinyume, linatoa joto la nyumba na kulirusha mbinguni, na asubuhi tunakuta matone ya maji upande wa ndani, yale tunayoyaita jasho la mabati. Makala yote unayochoma chini ya bati tupu, unapasha joto anga la Mungu.

Dawa ya mambo hayo mawili ni moja: dari, au plafo kama wengi tunavyosema. Kati ya dari na bati inabaki hewa iliyotulia, na hewa iliyotulia inapitisha joto polepole. Usiku inazuia joto la miili yetu lisipande, mchana inazuia ukali wa jua usishuke. Hatujui kifaa kingine kinachopasha joto na kupoza bila umeme, bila makala, na ambacho unakilipa mara moja tu.

Tupige hesabu ya chumba cha kulala cha mita tatu kwa tatu, yaani mita 9 za mraba. Ubao wa tripleksi una karibu mita 3 za mraba, kwa hiyo unahitaji mbao tatu, na ya nne kwa ajili ya vipande, pamoja na miti ya kushikilia na misumari. Ni kazi nzuri lakini si ya kila mfuko. Mikeka ya matete ni rahisi zaidi. Iliyo rahisi kuliko zote ni magunia. Gunia la kilo 50 la mchele au unga, likifunguliwa mshono, linatoa kitambaa cha mita moja na kidogo kwa kila upande. Yafue, yakauke, yashonwe pamoja. Magunia tisa au kumi yanafunika chumba kile, na ukiweka tabaka mbili zenye nafasi ya vidole vinne kati yake, unahitaji ishirini. Yavutwe sana chini ya miti ya paa, na kila msumari upitishwe kwanza katika kifuniko cha chupa ya soda ili usichane kitambaa. Muulize mama mwenye mgahawa, magunia anayo na vifuniko anavyo.

Mafundi walisisitiza mambo machache. Nafasi ya juu, kati ya dari na bati, ipate matundu pande mbili, ili joto la mchana litoke. Kwa wale wa Ishasha hilo ni la lazima. Matundu yawe na wavu, la sivyo panya watafanya huko mtaa wao, na tunasema hivyo kwa kuwa mmoja wetu alisahau wavu na sasa anasikiliza harusi ya panya kila usiku. Dari ya magunia isiwekwe jikoni kamwe, wala mshumaa usiwashwe karibu nayo, kwa sababu magunia ya plastiki yanayeyuka na kushika moto haraka. Wa nyumba za mbao Goma wanajua namna moto unavyoruka nyumba moja hadi nyingine.

Baada ya dari, tazama kuta. Nafasi za mbao zilizo chini, kwa kimo cha kitanda, ndizo zinazoiba joto. Zibeni kwa vipande vyembamba vya mbao, au kwa karatasi nene zilizobandikwa kwa uji wa muhogo kama mabibi zetu walivyofanya. Lakini juu, karibu na dari, acha tundu la upana wa viganja viwili lisilofungwa, mvua inyeshe au isinyeshe. Pumzi za watu watano zinahitaji njia ya kutoka. Kuna mama aliyetuuliza kama kwa tundu hilo sasa anaweza kuingiza mbabula. Hapana, mama. Tundu hilo ni kwa pumzi.

Wenye umeme wanauliza juu ya mashine. Tangu Desemba 2015 mtambo wa Matebe unatumia maji ya mto Rutshuru, hapa kwetu, na waya zake zilifika mpaka Goma. Vita vimezikata zaidi ya mara moja, lakini ukiwa na kashi pawa nyumbani ni vizuri kujua kila kitu kinakula kiasi gani. Mashine ya kupasha joto chumba inakula wati 2,000. Kwa saa nne za usiku ni kilowati-saa 8. Mashine ya kupoza hewa ya wati 1,000, ikifanya kazi saa nane, ni vilevile 8. Feni ya wati 50 kwa saa hizo nane haifiki hata nusu ya kilowati-saa moja. Kwa hiyo kwa joto la mchana, aliye na umeme anunue feni na kuiweka chini ya dari. Mashine ile nyingine aiache kwa hoteli. Na msiunge mashine nzito kwa waya mwembamba wa taa, wala kwa waya uliovutwa kutoka kwa jirani. Waya ukipata moto ndani ya ukuta wa mbao, hakuna anayeuona mpaka umechelewa.

Kwa baridi kuna hesabu tunayoipenda zaidi. Kupasha lita 5 za maji mpaka yakaribie kuchemka kunakula chini ya nusu ya kilowati-saa, au makala machache yaliyobaki baada ya fufu ya jioni, huko nje. Acha maji yapoe kidogo, mimina katika bidoni ngumu ya lita 5, funga kifuniko vizuri, ijaribu kwa kuigeuza, izungushie kitenge mara mbili na uiweke miguuni chini ya blanketi saa moja kabla ya kulala. Kitanda kinakuwa na joto kwa masaa mengi. Watoto wadogo wakiingia, iondoe au isogeze mbali na ngozi yao, maana ngozi ya mtoto inaungua kwa joto ambalo wewe unalisikia kuwa zuri tu.

Na kichanga? Hapa turudi kwa yule mama mkwe, ambaye hatumlaumu, kwani sote tulifundishwa kwamba chumba cha mzazi kiwe na moto. Mwaka 1978, huko Bogotá katika nchi ya Kolombia, hospitali moja ilikosa mashine za kutosha za kuwapatia joto watoto waliozaliwa kabla ya wakati. Daktari Edgar Rey akaanza kuwaweka watoto hao vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, wakiwa wamefungwa kwa kitambaa. Ilifaa kiasi kwamba leo Shirika la Afya Duniani linashauri njia hiyo, hata mahali penye mashine. Mtoto avae kofia, soksi na nepi tu, awekwe wima katikati ya matiti, uso umegeukia upande ili pua ibaki wazi, kitenge kifungwe vizuri, blanketi juu ya wote wawili. Mama akichoka, baba anaweza, na bibi pia. Mama mkwe wa habari yetu alicheka aliposikia hayo. Akasema, “Kumbe mbabula ilikuwa mimi.” Siku hizi ndiye anayempokea mjukuu alfajiri.

Wenye mabati ya Nyamilima wameuliza pia juu ya kupaka paa chokaa nyeupe ili jua lirudi juu. Inafaa, lakini mvua zetu zinaiosha na inabidi kurudia. Ikiwa unakinga maji ya kunywa kwenye paa hilo, acha kabisa, panda mparachichi upande wa machweo ya jua na uvumilie.

Katika kikundi chetu tulifanya hesabu kwa likelemba. Peke yake, mama anamaliza miezi akikusanya pesa za tripleksi. Sisi kumi na wanne tulikubaliana zamu moja ya kila mwezi isitolewe pesa taslimu, inunue misumari, wavu na miti ya kushikilia dari, na Jumamosi baada ya salongo tunashona na kupigilia wote katika nyumba moja. Nyumba tatu zimekwisha. Ya kwanza ilikuwa ya mama mwenye kichanga, ingawa kwa orodha alikuwa wa kumi na moja. Hakuna aliyepinga.

Ya nne ni ya mama mjane anayekaa nyuma ya soko. Chumba chake ni cha mita nne kwa tatu, kwa hiyo tunahitaji magunia ishirini na sita na mpaka sasa tuna kumi na saba. Mwenye gunia alilete likiwa limefuliwa, na mwenye sindano ya kushonea magodoro asiisahau, maana tunayo moja tu na imeanza kupinda.